Kumpata namba moja anayefaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu pointi gadi na New York Knicks

Ukurasa huu ni wa mashabiki wa kikapu wanaoamka saa tisa usiku kutazama NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, na kujiuliza inakuwaje timu yenye fedha nyingi ihangaike miaka nenda miaka rudi kumtafuta mchezaji mmoja wa kupandisha mpira. Mfano mkuu hapa ni New York Knicks, kwa sababu historia yao katika nafasi hiyo ina kila aina ya kosa ambalo timu inaweza kufanya, na pia ina jibu moja zuri sana. Pale ambapo timu nyingine zinaeleza jambo vizuri zaidi, zimetajwa pia.

Pointi gadi ana kazi gani hasa?

Nafasi tano za kikapu huhesabiwa kwa namba, na pointi gadi ndiye namba moja. Wapinzani wakishafunga, yeye ndiye anayepewa mpira, anaupandisha, anaita mchezo aliouchora kocha, na anaamua nani apate mpira, wakati gani na akiwa wapi. Timu ina sekunde 8 za kuvuka nusu ya uwanja na sekunde 24 za kurusha mpira kikapuni. Ukiondoa muda wa kupanda na wenzake kujipanga, anabakiwa na kama sekunde kumi na tano za kuamua jambo la maana, na katika mechi moja ya NBA uamuzi huo hurudiwa karibu mara mia. Winga akiamka vibaya unaweza kumweka pembeni na mechi ikaendelea. Namba moja huna pa kumficha.

Kwa nini Knicks ndio mfano?

Walianza na mmoja wa bora kabisa kuwahi kucheza nafasi hiyo. Walt Frazier, chaguo la 5 katika drafti ya 1967 (zoezi la kila mwaka la timu kuchagua chipukizi kwa zamu), aliwaongoza kwenye ubingwa wa 1970 na wa 1973. Mechi ya saba ya fainali ya 1970 dhidi ya Los Angeles Lakers hukumbukwa zaidi kwa Willis Reed, senta wao (mrefu anayecheza karibu na kikapu), kuingia uwanjani akichechemea, lakini aliyeimaliza kazi ni Frazier, kwa pointi 36 na asisti 19, yaani pasi zinazozaa kikapu.

Baada yake safari ikawa ndefu. Mark Jackson, chaguo la 18 mwaka 1987, alikuwa chipukizi bora wa ligi mwaka 1988, na miaka minne baadaye akapelekwa kwingine. Fainali ya 1994 walifika na Derek Harper, aliyesajiliwa katikati ya msimu kwa sababu Doc Rivers aliumia goti. Fainali ya 1999 walikuwa na Charlie Ward na Chris Childs, watu wa kazi ngumu lakini si wa kubeba timu. Januari 2004 akaja Stephon Marbury, mtoto wa Brooklyn, kwa matumaini makubwa, na akiwa Knicks hakushinda hata mechi moja ya mchujo wa mwisho wa msimu. Wakafuata Jeremy Lin, Raymond Felton, Jason Kidd akiwa anakaribia miaka 40, José Calderón, Derrick Rose, Frank Ntilikina, Emmanuel Mudiay, Dennis Smith Jr., Elfrid Payton na Kemba Walker.

Wengi wao walikuwa wachezaji wazuri. Tatizo ni kwamba mara nyingi walinunuliwa kwa jina walilojijengea kwingine, baada ya magoti yao kuchoka, au walichaguliwa kwa ajili ya mpango ambao uongozi uliofuata uliutupa. Timu ilikuwa ikitafuta mtu kabla haijajua inataka kucheza vipi.

Je, kumwachia Jeremy Lin lilikuwa kosa?

Februari 2012 Lin alitoka mwisho wa benchi na kuipa timu ushindi wa mechi saba mfululizo. Tarehe 10 aliwafunga Lakers pointi 38, na siku nne baadaye akaimaliza Toronto kwa mtupo wa pointi tatu wa sekunde ya mwisho. Mji mzima ulisimama. Kisha goti likamsumbua, na majira ya joto Houston Rockets wakampa mkataba wa miaka 3 wa kama dola milioni 25, wakiupanga ili mwaka wa tatu uwe mzito mno kwa Knicks. Knicks, waliokuwa na haki ya kumbakiza kwa kumpa mkataba uleule, wakaacha kuulinganisha.

Msimu uliofuata, wakiwa na Felton na Kidd, walishinda mechi 54, kwa hiyo kwa hesabu ya ushindi hawakupoteza kitu mara moja. Lakini mtazamo wangu ni kwamba walikosea kwa namna nyingine: hawakukaa na kijana aliyekuwa bado anakua, wakachukua wakongwe wa mwaka mmoja. Kidd alistaafu mwaka 2013, na tangu hapo utafutaji ukaanza upya kutoka sifuri.

Ntilikina ana asili ya Rwanda na Mudiay amezaliwa Kinshasa. Kwa nini hawakufanikiwa New York?

Hili ndilo swali linalotugusa zaidi huku kwetu, na linastahili jibu refu.

Frank Ntilikina alizaliwa Ubelgiji kwa wazazi Wanyarwanda na kukulia Strasbourg, Ufaransa. Knicks walimchukua kwa chaguo la 8 mwaka 2017, akiwa bado hajatimiza miaka 19. Aliyemchagua ni Phil Jackson, rais wa timu wakati huo, aliyeamini mfumo wa pembetatu, ambao hauhitaji namba moja wa kuukalia mpira muda wote. Mfumo huo unataka mrefu mwenye mikono mirefu, anayekaba, anayepasi upesi na kusogea. Ntilikina alifaa kabisa. Ila siku sita tu baada ya drafti, Jackson na Knicks wakaachana, na pembetatu ikaondoka naye. Kijana akabaki katika timu iliyomtaka afanye kazi ambayo hakuchaguliwa kuifanya: kushika mpira, kumpita mtu, kufunga. Kwa misimu minne akafundishwa na makocha wanne tofauti. Huku nyuma, Donovan Mitchell aliyechaguliwa wa 13 katika drafti ileile alikuwa anang'ara Utah, na kila mtupo aliokosa Ntilikina ukapimwa kwa Mitchell.

Lakini mwangalie akiwa na timu ya taifa ya Ufaransa. Kombe la Dunia la 2019 nchini China, Ufaransa iliitoa Marekani kwa 89 kwa 79 katika robo fainali, na Ntilikina alikuwa mmoja wa walioifanya kazi hiyo, akikaba walinzi wa Marekani huku wengine wakiubeba mzigo wa kufunga. Ni mchezaji yuleyule, ila kazi aliyopewa ilikuwa yake.

Emmanuel Mudiay alizaliwa Kinshasa mwaka 1996, familia yake ikakimbilia Marekani na kukaa Texas. Badala ya kwenda chuo alikwenda kucheza China, kisha Denver Nuggets wakamchukua kwa chaguo la 7 mwaka 2015. Alikuwa na mwili mkubwa kwa nafasi yake na kasi ya kuingia katikati ya ulinzi. Shida ilikuwa mtupo wa mbali, na pia ukweli kwamba Denver walikuwa wanagundua kuwa mchezeshaji wao halisi ni senta, Nikola Jokić. Ukiwa na Jokić, namba moja anatakiwa akate kuelekea kikapuni bila mpira, akimbie na atupie kutoka mbali. Jamal Murray aliyaweza hayo, nafasi ya Mudiay ikayeyuka. Knicks walimpata Februari 2018, na msimu wa 2018–19 alifunga wastani wa karibu pointi 15 kwa mechi. Timu ilishinda 17 na kupoteza 65. Pointi katika timu ya namna hiyo hazikuambii kama mtu anaweza kuongoza timu nzuri.

Kwa hiyo katika msimu mmoja Knicks walikuwa na vijana wawili wenye asili ya ukanda wa Maziwa Makuu na Kongo katika nafasi moja, kila mmoja akihitaji kitu ambacho timu haikuwa nacho. Sikubali kuwa walikosa kipaji. Waliwekwa mahali pasipo mpango.

Jalen Brunson alipatikanaje?

Kwa macho ya watu waliomjua tangu utotoni. Baba yake, Rick Brunson, alichezea Knicks, na wakala wa Rick alikuwa Leon Rose. Machi 2020 Rose akawa rais wa Knicks. Mwaka 2022 Rick akaajiriwa kuwa kocha msaidizi, na Julai mwaka huohuo Jalen, aliyekuwa mchezaji huru, yaani mkataba wake umekwisha, kutoka Dallas Mavericks, akasaini miaka 4 kwa dola milioni 104.

Wachambuzi wengi walisema ni fedha nyingi kwa mtu aliyekuwa msaidizi wa Luka Dončić, nyota wa Dallas. Hata hivyo ushahidi ulikuwa umeshatolewa hadharani. Mchujo wa 2022, Dončić akiwa majeruhi mwanzoni mwa mfululizo dhidi ya Utah, Brunson alifunga pointi 41 katika mechi ya pili na kuikokota Dallas. Knicks walitoka ushindi 37 msimu wa 2021–22 hadi 47 msimu wake wa kwanza, kisha 50, kisha 51. Mwaka 2024 alifunga pointi 47 dhidi ya Philadelphia, rekodi ya Knicks katika mchujo. Mwaka 2025 timu ilicheza fainali ya kanda ya mashariki kwa mara ya kwanza tangu 2000.

Walivunja sheria kumpata?

NBA ilichunguza na kuona kuwa mazungumzo yalianza kabla ya muda ulioruhusiwa. Knicks wakanyang'anywa chaguo lao la raundi ya pili la 2025. Kwa walichopata, ilikuwa adhabu nyepesi.

Kama ni mzuri hivyo, kwa nini aliachwa hadi chaguo la 33?

Ana urefu wa kama mita 1.88, haruki sana, hana kasi ya kutisha, na alikaa chuoni miaka mitatu, hivyo wengi wakaona ameshafika kikomo chake. Knicks wenyewe walikuwa na chaguo la 9 katika drafti hiyo ya 2018 na wakamchukua mtu mwingine.

Wakati huohuo alikuwa ametwaa ubingwa wa vyuo mara mbili akiwa Villanova, 2016 na 2018, na mwaka wake wa mwisho alitajwa kuwa mchezaji bora wa vyuo nchini. Ushindi huo ulihesabiwa kama sifa ya kocha na mfumo. Mimi nadhani kwa namba moja ushindi wa muda mrefu ni kipimo halisi, kwa sababu yeye ndiye anayegusa karibu kila shambulizi. Drafti hupenda kile ambacho kijana anaweza kuja kuwa. Katika nafasi hii, anachokifanya tayari kina uzito mkubwa zaidi kuliko katika nafasi nyingine.

Wasaka vipaji huangalia nini?

Kila timu ina orodha yake, lakini kuna mambo ambayo huwezi kuyaruka.

Kwanza ni jinsi anavyocheza akikingiwa. Mrefu wa timu yake anakuja kusimama njiani mwa anayemkaba, kisha anakimbilia kikapuni. Kwa sekunde moja au mbili kuna washambuliaji wawili dhidi ya mlinzi mmoja na nusu. Namba moja wa kawaida anakimbia moja kwa moja hadi anagonga ukuta. Aliyeiva anapunguza mwendo, anamweka anayemkaba mgongoni asipate kurudi mbele, na anamngoja senta wa wapinzani aamue. Senta akipanda, pasi inakwenda nyuma yake. Akirudi nyuma, mtupo mfupi uko wazi. Brunson ni bingwa wa hapo kati: anasimama ghafla, anageuka kwa mguu mmoja, anamdanganya mtu mrefu kuliko yeye kwa mabega, na anafunga kwa mkono wake wa kushoto. Kasi ya miguu haimpi hayo.

Pili ni mpira anaoupoteza. Asisti pekee hudanganya, kwani mtu anayeshika mpira muda wote ataokota asisti nyingi. Unatazama amepoteza mipira mingapi kwa asisti alizotoa, na unatazama mipira hiyo ilipotea vipi. Pasi ya kuthubutu iliyokosea kidogo inaweza kufundishika. Kunyang'anywa mpira katikati ya uwanja kwa sababu hajui kutumia mkono wa pili ni habari nyingine.

Tatu ni mtupo wake akiwa hana mpira. Kama hatupi vizuri kutoka mbali, anayemkaba anamwacha na kwenda kuwabana wenzake, na uwanja mzima unakuwa mdogo. Mitupo huru, ile ya baada ya kuchezewa rafu, nayo husomwa kwa makini, maana kijana anayeipiga kwa asilimia nzuri kwa kawaida ataweza baadaye kuongeza masafa.

Kisha kuna yale yasiyoandikwa kwenye takwimu. Anaongea na nani muda wa mapumziko mafupi? Mwenzake akikosa mitupo mitatu mfululizo, anamtafuta tena au anamkwepa? Akifokewa na kocha, shambulizi linalofuata analichezaje? Timu nzuri hupiga simu kwa makocha wa zamani, kwa walimu na hata kwa wanaofua jezi, ili kuyajua haya.

Namba moja lazima awe mtu wa pasi kwanza?

Hapana. Inategemea amezungukwa na nani. John Stockton, chaguo la 16 mwaka 1984, alitoa asisti 15,806, rekodi ya ligi, akiwa na Karl Malone wa kumalizia kila pasi. Stephen Curry aliijenga Golden State kwa kutisha kutoka mbali, akikimbia bila mpira kuliko karibu nyota yeyote. Milwaukee walipomleta Jrue Holiday mwaka 2020 walikuwa tayari na Giannis Antetokounmpo wa kubeba mashambulizi. Walichokosa ni mtu wa kukaba namba moja wa wapinzani na kutulia dakika za mwisho. Msimu huohuo, 2021, wakawa mabingwa.

Kabla ya kuuliza nani ni bora sokoni, timu iulize mpira utakuwa mikononi mwa nani mechi ikiwa ngumu. Jibu la hilo huondoa nusu ya majina kwenye orodha.

Je, urefu ni kikwazo?

Muggsy Bogues alicheza misimu 14 akiwa na mita 1.60, na Magic Johnson alicheza nafasi hiyohiyo akiwa na mita 2.06. Kwenye mashambulizi urefu unaweza kufidiwa. Kwenye ulinzi gharama ipo. Wapinzani humtafuta mfupi, wanamlazimisha amkabe mtu wao bora, na katika mchujo wanarudia hivyo usiku kucha. Indiana waliwatoa Knicks mwaka 2025 kwa mechi sita, na sehemu ya mpango wao ilikuwa kumshambulia Brunson alipokuwa analinda. Ukiwa na namba moja mfupi, unanunua pia mawinga wanaoweza kuziba mapengo. Ndiyo sababu Knicks walitoa machaguo matano ya raundi ya kwanza kumpata Mikal Bridges, aliyecheza na Brunson Villanova.

Ipi ni njia bora: drafti, mchezaji huru, au kubadilishana?

Drafti ni rahisi kwa fedha na ngumu kwa macho. Mwaka 2009 Minnesota walikuwa na chaguo la 5 na la 6, wakachukua pointi gadi wawili, Ricky Rubio na Jonny Flynn. La 7 lilikuwa la Golden State, wakamchukua Curry. Kwa upande mwingine San Antonio walimpata Tony Parker kwa chaguo la 28 mwaka 2001. Mazoezi yake ya kwanza mbele ya Gregg Popovich hayakumridhisha kocha, wakamwita tena, na safari ya pili ikabadilisha kila kitu. Parker alitwaa ubingwa mara nne. Ninaipenda habari hii kwa sababu timu ilikubali kuangalia mara mbili.

Mchezaji huru unamjua zaidi, ila unashindana na wengine kwa bei. Phoenix walimchukua Steve Nash mwaka 2004 kutoka Dallas, waliokuwa na wasiwasi na umri na mwili wake, wakapanda kutoka ushindi 29 hadi 62. Nash akawa mchezaji bora wa ligi 2005 na 2006. Alikuwa na miaka 30, lakini alikuta kocha Mike D'Antoni anayetaka kukimbia na vijana wanaoweza kukimbia naye.

Kubadilishana wachezaji hufaa pale timu iko karibu na kileleni na inajua hasa inachokosa. Chris Paul alipelekwa Phoenix mwaka 2020 akiwa na miaka 35, na msimu huo timu ikafika fainali.

Fedha zina uzito gani?

Mkubwa. Mishahara ya NBA ina ukomo, na ukimlipa namba moja kupita thamani yake unakosa wa kumzunguka. Julai 2024 Brunson alikubali kuongeza mkataba kwa miaka 4 na dola milioni 156.5. Angengoja mwaka mmoja angeweza kupata miaka 5 kwa kama dola milioni 269. Fedha alizoziacha ziliisaidia timu kumchukua senta Karl-Anthony Towns Oktoba mwaka huo na kuwabakiza wengine. Dallas kwa upande wao walichelewa kumpa Brunson nyongeza ya miaka 4 ya kama dola milioni 55 walipokuwa na uwezo huo, wakampoteza bila kupata mchezaji hata mmoja badala yake.

Je, haya yanahusu timu za kwetu?

Ndiyo, hasa tangu Basketball Africa League, ligi ya klabu za Afrika, ianze Kigali mwaka 2021. Klabu kama APR na Patriots za Rwanda, City Oilers ya Uganda na Nairobi City Thunder, ya kwanza ya Kenya kufika huko mwaka 2025, zina nafasi chache za wachezaji wa kigeni. Kishawishi ni kumpa mgeni unamba moja wiki chache kabla ya mashindano. Inaweza kusaidia, lakini mtu huyo anakuja bila kuwajua wenzake, na nafasi hii ndiyo inayohitaji kujuana kuliko zote. Ningependa kuona klabu zikimpa kijana wa nyumbani mpira katika ligi ya ndani msimu mzima, na mgeni afundishe akiwa pembeni yake.

Nikitazama mechi, nimpimeje namba moja?

Usifuate mpira robo nzima. Chagua dakika tano za mwisho za mechi ambayo tofauti ni pointi tano au chini, kipindi ambacho NBA yenyewe hukihesabu kuwa cha presha. Kwa uchezaji wake katika dakika hizo Brunson alipewa tuzo mwaka 2025. Angalia timu yake inapata mtupo wa aina gani kila inaposhambulia, hata kama mpira hauingii. Angalia senta wake anapokea mpira akiwa anakimbilia kikapu au akiwa amesimama akishangaa. Angalia pia saa ya sekunde 24 inaposoma 10. Mashambulizi mazuri yanakuwa yameshaanza kabla ya hapo, na kama timu yako kila mara inaanza kuhangaika saa ikisoma 6, bado haijampata.